Tulipopanga kwa Mama Numbi, Kinkondja

Wenzangu mliokulia Kamina mnakumbuka kwamba siku zile hatukuhitaji saa. Filimbi ya karakana ya treni ililia asubuhi, na mama zetu wakajua uji uwe tayari. Ililia tena mchana, nasi watoto tukajua mwalimu anakaribia kufunga daftari. Tulikwenda shule pekupeku kwenye lile vumbi jekundu, kila mmoja na kigoda chake kichwani, maana darasa lilikuwa na ubao na mwalimu, kiti ulileta mwenyewe. Ubao tuliupaka weusi kwa unga wa betri zilizokufa na sombe, yaani majani ya muhogo, yaliyotwangwa, na mikono yetu ilibaki myeusi mpaka Jumapili kanisani. Wasichana tulicheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kurusha miguu, hadi nyayo zikawaka moto. Baridi ya mwezi wa sita ilipotubana, tulijipanga ukutani kuota jua kama mijusi, tukitafuna muhogo mbichi. Leo binti yangu akikosa umeme wa kuchaji simu asubuhi moja tu, anasema maisha yamekuwa magumu. Mimi namtazama, naendelea kuchambua mboga zangu.

Lakini leo sitasimulia Kamina. Nataka kusimulia mwaka mmoja tuliokaa mbali na Kamina, katika nyumba ya kupanga, nikiwa na miaka tisa. Nimeishi katika nyumba nyingi tangu wakati ule. Hakuna hata moja iliyonifanya nijione mdogo kiasi kile, wala iliyonifanya niuone ulimwengu kuwa mkubwa kiasi kile.

Papa alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Siku moja alirudi na barua, akaisoma akiwa amesimama, akaikunja. Alikuwa amehamishiwa Kinkondja, kwenye Ziwa Kisale. Mama alikuwa binti wa karani wa reli, mwanamke wa mjini kabisa, mwenye viatu vya Jumapili na pasi ya makaa. Aliisikia ile habari, akaketi.

"Minyi niliolewa na mwalimu," akasema. "Siko bibi ya muvuvi."

Papa hakubishana naye. Kwenye treni, tulipokuwa tunashuka kuelekea Bukama, aliniambia mimi na mdogo wangu Banza kwamba Kamina ni mji mtoto, uliokua na reli, lakini Kinkondja ilikuwa na watu na machifu wake kabla mtu yeyote hajawaza habari ya treni. Mimi sikuelewa jinsi mji usio na treni unavyoweza kuwa mkubwa kuliko Kamina. Nilidhani Papa anatufariji.

Bukama tukapanda balenyeri, ile mashua kubwa ya mbao yenye injini, pamoja na magunia ya unga, mbuzi na maturubai. Tulishuka na mto Lualaba siku mbili. Siku ya pili mto ukaanza kupotea. Kingo zilirudi nyuma, mafunjo yakafunguka, na mbele yetu pakawa na maji matupu yaliyokwenda hadi yakagusana na mawingu. Kabla ya safari ile sikuwa nimewahi kuona maji mengi kuliko ya pipa letu la mvua. Nilimshika Mama mkono, nikakuta naye ananitafuta wangu.

Nyumba ya mwalimu haikuwepo; ya zamani ilikuwa imebomoka. Papa akazunguka siku tatu kutafuta ya kupanga, na kila mahali walimwambia hawapangishi mtu wasiyemjua. Siku ya nne akaelekezwa kwa Mama Numbi. Alikuwa mjane mrefu, mwenye mikono iliyokauka kwa moshi wa samaki, maana kazi yake ilikuwa kukausha samaki na kuwauzia wale vijana waliowapakia kwenye kinga na kuwasukuma hadi Bukama. Ninyi wa mbali mnaosema baiskeli, sisi tunasema kinga. Alikuwa na nyumba mbili za udongo na paa za nyasi katika lupango moja, yaani ua mmoja, hatua chache kutoka majini. Moja alikaa mwenyewe. Nyingine ilikuwa tupu tangu mume wake afariki.

Tulimkuta anapasua samaki. Hakusimama.

"Mwalimu, unatoka Kamina?"

"Eyo, mama."

"Kule mayi iko?"

"Iko ya bomba."

"Ya bomba," akarudia polepole, kama mtu anayemhurumia mwenzake. Kisha akatutazama mimi na Banza. "Hawa batoto banajua kuogelea?"

Papa akasema hapana.

"Basi bajifunze mbele ya kujua kusoma. Nyumba njo ile. Mutakaa. Minyi niko na neno moja tu." Akanyoosha kisu chake nyuma ya nyumba, kwenye kilima kidogo kilichoota nyasi fupi, si kirefu kuliko mtu mzima. "Pale, hapana kulima. Hapana kuchimba. Hata shimo ya choo, hapana."

"Kuko nini pale?" Papa akauliza.

"Kuko bantu."

Papa akavua kofia. "Bazazi benu?"

"Hapana," Mama Numbi akasema. "Hatubajue. Tulibakuta. Mama yangu alibakuta. Kambo yangu, mama ya mama yangu, alibakuta vilevile."

Kisha akarudi kwa samaki wake. Hivyo ndivyo tulivyopata nyumba. Hapakuwa na karatasi wala shahidi, na siku ile hiyohiyo tuliingiza masanduku yetu.

Miezi ya kwanza Mama aliteseka. Harufu ya samaki iliingia hadi kwenye Biblia. Alitundika kitenge mlangoni kuizuia, na kitenge nacho kikanuka. Alipiga pasi nguo za Papa kila asubuhi, na zilipofika shuleni zilikuwa zimelowa jasho na ukungu wa ziwa. Mbu walitukomesha. Mama Numbi alimtazama mama yangu akihangaika, hakumcheka. Siku moja aliingia bila kubisha, akachukua ile pasi, akaigeuzageuza, akauliza ni ya kuchoma samaki gani. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Nadhani siku hiyo ndipo walipoanza kusikilizana.

Sisi watoto tulizoea haraka. Asubuhi tulikula bukari, yaani ugali, ya jana na samaki mdogo wa moshi, mifupa na yote. Jioni tulipeleka maji kwa Mama Numbi, tukapiga magoti, tukapiga makofi taratibu na kusema "Eyo Vidye," salamu yao ya heshima, maana mtoto aliyemsalimia mkubwa akiwa amesimama wima kule alirudishwa hadi njiani aanze upya. Wa leo wanatusalimia kwa kuinua nyusi juu ya simu, nasi tunashukuru kwamba wameinua.

Shuleni wenzangu walikuja kwa mitumbwi, wasichana wa miaka saba wakipiga makasia kama wanaoenda kisimani. Walinicheka kwa kutojua kuogelea. Mimi niliwasimulia treni, urefu wake, jinsi inavyokata nchi bila kuchoka, nao hawakuamini. Wakanisimulia visiwa vya mafunjo vinavyotembea juu ya ziwa na watu wake, nyumba zake na kuku wake. Nami sikuamini. Tuliachana hivyo, kila upande ukidhani mwingine ni mwongo.

Mwaka ule mvua ilizidi. Ilinyesha Kinkondja, na huko juu ilinyesha zaidi, kwa hiyo Lualaba ikashuka imejaa na ziwa likaanza kupanda. Papa alichomeka kijiti ukingoni mwa maji kila asubuhi, na kila asubuhi kijiti cha jana kilikuwa ndani ya maji. Majirani wa upande wa chini wakahama. Shule ikafungwa. Mama Numbi hakuwepo. Alikuwa amekwenda siku kadhaa kwenye kambi ya uvuvi ya mdogo wake, Papa Kisimba, kukausha samaki.

Siku maji yalipoingia katika lupango na kulamba jiko, Papa alichukua koleo. Alitaka kujenga tuta la kuzuia maji mbele ya nyumba zote mbili, yetu na ya mwenye nyumba. Lakini udongo wote wa chini ulikuwa tope linaloteleza. Udongo mkavu ulikuwepo mahali pamoja tu.

Mama akamwambia, "Alikukataza."

"Najua alinikataza," Papa akasema. "Nyumba yake inakufa, naye hayupo. Akirudi nitamweleza minyi mwenyewe."

Akakata kwenye ubavu wa kile kilima. Mama alibeba udongo kwa beseni, mimi kwa sufuria, Banza kwa mikono. Tulifanya kazi tangu asubuhi, tuta likafika magotini mwangu, na maji yakasimama mbele yake. Nilimwona Papa akitabasamu. Kabla ya saa sita koleo liligonga kitu, kikatoa sauti ndogo ya kitu kitupu.

Kilikuwa chungu. Papa alikifuta kwa kidole, na chini ya udongo kikatokea cheusi, laini, chembamba kuliko vyungu vyote nilivyowahi kuona sokoni, na shingoni kina mistari iliyochorwa kwa mkono usiotetemeka. Kando yake kulikuwa na kingine, na kingine. Papa aliacha koleo, akaanza kuondoa udongo kwa vidole. Sijui kwa nini hakuacha pale. Nadhani hakuweza. Kisha akamwita Mama kwa jina langu, kwa sauti ambayo sikuijua, "Mama Ngoie, shika watoto."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Ulikuwa mkono. Mifupa tu, myembamba, ya rangi ya chai, na juu yake bangili za shaba zilizokuwa zimegeuka kijani, nyingi, zimepangwa kutoka kifundo cha mkono kwenda juu. Niliutazama ule mkono, nikautazama wangu. Ulikuwa sawa na wangu. Nilidhani nitaogopa na kukimbia, lakini nilibaki nimesimama na sufuria yangu. Nakumbuka wazo lililonijia: mtu fulani alimvalisha hizi bangili moja moja, akamwekea na chakula, akamfunika, akarudi nyumbani bila yeye. Na hayo yalitokea hapa, nyuma ya jiko letu, zamani ambayo hakuna mtu anayeijua. Ziwa hili hili lilikuwa pale linatazama.

Papa aliketi juu ya udongo. Nyuma yetu maji yaligonga tuta taratibu.

Alasiri tukauona mtumbwi. Mama Numbi alikuwa ameona maji yanavyopanda, akaja na mdogo wake kutuchukua. Papa alimfuata ndani ya maji hadi magotini, kofia mkononi.

"Mama, nilichimba," akasema.

Mama Numbi alishuka, akapita katikati yetu, akapanda hadi pale. Mimi nilingoja atufukuze. Nilikuwa tayari nahesabu moyoni vitu vyangu, kitabu, gauni, kigoda. Mama Numbi akapiga magoti, yeye mwanamke mzima, mbele ya lile shimo, akapiga makofi taratibu kama sisi tulivyompigia yeye.

"Eyo Vidye," akasema. Halafu, baada ya kuinama na kutazama vizuri, "Iko mutoto."

"Mama, nilitaka kuokoa nyumba yako," Papa akasema.

"Najua."

"Tukirudisha huu udongo, tuta halitakuwepo. Kesho nyumba itaanguka. Zote mbili."

"Itaanguka," Mama Numbi akakubali. "Ile nyumba iko ya bulongo, Mwalimu. Tutajenga ingine. Huyu mutoto hana ingine."

Mtu wa kwanza kusogea alikuwa Mama, mama yangu wa viatu vya Jumapili. Alishuka hadi kwenye tuta, akachota udongo kwa beseni kutoka pale pale tulipouweka kwa jasho asubuhi nzima, akaanza kuupandisha. Nasi tukamfuata.

Kabla ya kufunika, vile vyungu vilipaswa kurudi mahali pake. Mama Numbi alinitazama.

"Ngoie, kuja. Mikono yetu iko mikubwa. Rudisha weye."

Nikashuka. Kile chungu kilikuwa chepesi na baridi. Nilikishika kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa kumpa mtu maji, nikakiweka karibu na zile bangili, kisha cha pili, kisha cha tatu. Nilihofia kugusa mfupa, na mkono wangu ukaugusa. Ulikuwa mkavu kama kijiti, hakuna zaidi. Tangu siku ile sijawahi kumwogopa mtu aliyekufa.

Papa akasali. Sauti yake ya kanisani ilijaza jengo, lakini siku ile ilikuwa ndogo. Alifika mahali ambapo hutajwa jina, akasita, kwa kuwa hakuwa nalo. Akasema tu, "Huyu mutoto wako, Bwana, unamujua." Mama Numbi naye akasema maneno yake ya Kiluba, marefu, akimweleza yule mtoto sisi ni nani, tumetoka wapi, na kwamba hatukukusudia ubaya. Alitutaja kila mmoja. Nilisikia jina langu. Maji yalikuwa yameshavuka pale tuta lilipokuwa, yakaingia katika mlango wetu bila kelele, na kutoka pale kilimani tuliona kandambili za Banza zikitoka nje zinaelea.

Tulipakia tulichoweza. Papa alikwenda kwanza shuleni, akarudi na ubao mweusi kichwani. Papa Kisimba akatupeleka kwake, na kwake kulikuwa kisiwa cha mafunjo. Wenzangu hawakunidanganya.

Wapendwa, sijui niwaelezeje. Chini hakukuwa na nchi. Kulikuwa na mafunjo yaliyolaliana na kusukana miaka na miaka mpaka yakabeba nyumba tatu, migomba michache, kuku, mbwa, na moto uliowashwa juu ya kitanda cha udongo. Ukikanyaga, unazama kidogo kama kwenye godoro, na aliyekaa mita kumi kutoka kwako anahisi kwamba umepita. Mama alikumbatia nguzo ya nyumba siku mbili nzima. Siku ya tatu Mama Numbi alimpa kisu na kapu la samaki, akamwambia, "Mukono ukishika kazi, mguu unasahau." Ikawa kweli. Nilimwona mama yangu akipasua samaki kwa haraka kama wenyeji, kitenge kimefungwa kiunoni, pekupeku, akiimba wimbo wa kanisani. Sikuwa nimewahi kuona miguu yake bila viatu mchana.

Siku moja asubuhi nilitoka nje nikakuta milima ya ng'ambo ya ziwa haipo. Jana ilikuwa mbele ya mlango. Nikazunguka nyumba, nikaikuta nyuma, myeupe kwa ukungu, kimya, kana kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Upepo ulikuwa umetusogeza. Hakuna aliyeshangaa ila mimi. Papa Kisimba alipita na nyavu begani, akaniona natazama milima.

"Iko palepale," akaniambia. "Siye njo tulitembea."

Papa hakuweza kukaa bila kufundisha. Aliegemeza ubao kwenye ukuta wa nyumba, na watoto wa visiwa vingine wakaja kwa mitumbwi, wakafunga kamba na kuketi. Siku ya jiografia alisimama akanyoosha mkono: huku mashariki, huku magharibi. Akaandika, akaeleza, akaulizwa maswali. Alipogeuka kurudia, kisiwa kilikuwa kimezunguka, na jua la asubuhi lilikuwa upande aliouita magharibi. Msichana mmoja akainua kidole. "Mwalimu, mashariki yako imetembea." Watoto walicheka mpaka kisiwa kikatikisika. Papa alitazama jua, akatazama ubao, akafuta alichoandika. Kisha naye akaketi akacheka, yule mwalimu mkali wa Kamina, akishika mbavu. Nadhani sijawahi kumpenda kama siku ile.

Maji yaliposhuka, baada ya wiki nyingi, tulirudi. Nyumba zote mbili zilikuwa zimelala, nyasi za paa zimechanganyika na tope. Ziwa lilikuwa limefika hadi chini ya kile kilima na kuacha mstari wa takataka kukizunguka pande zote. Juu yake nyasi zilikuwa kijani. Mama Numbi aliutazama ule mstari, akaenda kuazima majembe. Watu wa mtaa walikuja bila kuitwa. Papa alikanyaga udongo wa matofali na wanaume wengine, suruali imekunjwa, na watu waliokuwa wanamwita Mwalimu wakaanza kumwita jina lake. Wiki chache baadaye tulilala chini ya paa jipya, na sakafu ilinuka udongo mbichi.

Tulikaa hapo hadi barua nyingine ya kumrudisha Papa Kamina. Siku ya kuondoka Mama Numbi alimpa mama yangu kapu la samaki wa moshi lililofungwa kwa majani, akamshika mabega. Mama, aliyekuja analia kwa kuletwa, aliondoka analia kwa kuondolewa. Tangu balenyeri ilipoanza kusogea hadi mafunjo yalipotufunika, hakutazama mbele.

Papa alifariki zamani. Mama yupo nami hapa Kamina, amezeeka, na Jumapili akitoka kanisani anapenda kupita sokoni kuuliza samaki hawa wametoka upande gani wa ziwa. Wauzaji wadogo hawajui. Wanamwambia wametoka kwenye friji.

Sasa nami napanga. Nyumba yangu ni ya saruji, ina mabati, ina dirisha la vyuma na mlango wenye kufuli mbili. Niliipata kwa komisioneri, yaani dalali wa nyumba, kijana mwenye simu tatu, aliyenionyesha vyumba akiongea na mtu mwingine sikioni. Nilisaini karatasi yenye makatazo mengi: hapana kupika kwa kuni, hapana kupokea wageni wengi, hapana kupigilia msumari. Mwenye nyumba anakaa Lubumbashi. Miaka inakwenda na sijawahi kuuona uso wake. Namjua kwa ile picha ndogo ya gari inayotokea kwenye simu yangu akiniandikia. Simlaumu. Hata yeye hanijui uso. Wanetu wanaona ni kawaida, tena wanaona ni afadhali, kwa sababu hakuna anayekuingilia. Nikimweleza binti yangu habari za Mama Numbi kuingia bila kubisha, ananiuliza kwa nini hatukuhama. Nilipomsimulia ule mkono wenye bangili, aliacha simu kabisa, akanisikiliza hadi mwisho, macho yamemtoka. Kisha akauliza kama tuliupiga picha.

Mwezi uliopita, nikifagia lupango, wazo lilinijia nikamwandikia mwenye nyumba. Nilimsalimia, nikamuuliza nani aliishi hapa kabla yangu, na kabla ya nyumba kujengwa palikuwa pa nani.

Jibu lilikuja jioni. "Maman, nyumba iko na shida gani?"

Niliyasoma yale maneno mara mbili. Binti yangu alicheka, akasema nimemtisha bure mtu wa watu. Nikamwandikia kwamba nyumba ni nzuri, haivuji, haina shida yoyote, nami nashukuru. Ulikuwa ukweli mtupu. Akanitumia picha ya kidole gumba. Nikakaa kizingitini na ufagio wangu, nikiitazama ile ardhi yangu ya kupanga, nyekundu, kavu, imefagiwa vizuri, na nikaona haya kwamba baada ya miaka yote hii sikujua nimsalimie nani kati ya waliokuwa hapa kabla yangu.